Mwongozo kamili: kutoa fungu la kumi na sadaka bila kula mtaji na bila kumkwepa mhazini

Mwagonile wa Mbeya, kamwene wa Iringa na Njombe, na ninyi wa Dar mnaosoma shikamooni tu. Mi ni mhazini wa jumuiya huku Uyole, mwaka wa sita sasa, nalima viazi na nina kigenge changu cha nyanya na vitunguu, kwa hiyo hela ya sadaka naiona pande zote mbili, ya anayeitoa na ya anayeihesabu mezani ibada ikiisha. Na nilichokiona ni kwamba watu wa huku uchoyo hawana, mtu wa Rungwe atakupa mkungu wa ndizi hata jina lako halijui. Shida ni kwamba tunaamua tukiwa tumeshakaa kwenye benchi, kwaya inaimba, kapu linakuja, unaingiza mkono mfukoni unatoa kilichopo, likiwepo buku ni buku, ikiwepo noti ya elfu kumi unaanza kuwaza kama mzee wa kanisa anaweza kukupa chenji (msicheke, nimeshaombwa chenji mara nyingi tu). Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin nao mwaka huohuo, kwa hiyo kutoa tumefundishwa toka enzi za mababu, ila kuhesabu kabla ya kutoa ndo kila mtu anajifunza kivyake.

Soma 1 Wakorintho 16:2. Paulo anasema "siku ya kwanza ya juma kila mtu kwenu na aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake", halafu anamalizia kwamba hataki michango ije ifanyike siku atakayofika yeye. Yaani Paulo mwenyewe alikuwa hataki harambee ya kushtukiza! Kila wiki, nyumbani kwako, kwa kadiri ulivyopata. Haya yote ninayoandika yanatoka kwenye huo mstari mmoja.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI

Nunua daftari la shule la kawaida. Wiki nne andika kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata vocha, hata andazi la mtoto, hata mia tano ya ushuru wa soko. Usibadilishe chochote kwanza, andika tu. Wengi wanataka kuanza na kutoa wakati hawajui wanapata nini, na ukimuuliza mtu "kwa mwezi unaingiza ngapi" anaangalia juu kama anayetafuta mvua. Mi nilipofanya mara ya kwanza nikakuta vocha na bando tu zimekula zaidi ya nilichokuwa natoa kanisani, nikakaa kimya siku nzima.

Wiki nne zikiisha kaa na daftari lako, omba, ndio, omba kabisa, maana hiki si kitu cha uhasibu peke yake. Zaburi 24:1 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA, sasa ukisoma ule mstari ukiwa umeshika daftari lenye matumizi yako ya mwezi unaonekana tofauti kidogo na ukiusikia mimbarini.

HATUA YA PILI: JUA KIPATO CHAKO NI KIPI (hapa tutakaa sana)

Hapa ndo watu wanaumia, na wanaumia kwa nia njema. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa anauza dagaa na mchele, kila jioni anahesabu mauzo anatoa asilimia kumi anaweka kwenye mkebe, ndani ya miezi michache biashara ikafa na yeye akabaki anajiuliza amemkosea Mungu nini. Hakumkosea kitu. Alikuwa anatoa fungu la kumi la MTAJI.

Angalia hesabu, namba ni za mfano. Umeuza siku nzima 80,000. Mzigo huo ulinunua 65,000, nauli ya bajaji na ushuru 3,000. Kilichobaki ni 12,000, hicho ndo Mungu alichokupa leo, kumi yake ni 1,200. Sasa ukitoa kumi ya mauzo unatoa 8,000, yaani katika ile 12,000 unabaki na elfu nne ya kula, watoto, kodi ya kibanda na dharura, haitoshi, kesho yake unachomoa kwenye hela ya mzigo. Baada ya hapo mzigo unapungua kila siku mpaka unakuta meza ina fungu tatu za nyanya.

Mkulima naye ana yake. Tuseme umelima ekari moja ya viazi huku juu kuelekea Isyonje:

kukodi shamba 150,000
mbegu 500,000
mbolea 420,000
dawa za ukungu 130,000 (na mvua za huku ukiruka dawa ukungu haukuachi)
kulimisha na vibarua 200,000
magunia na usafiri 100,000

Jumla 1,500,000. Umepata gunia 60 umeuza 45,000 kila moja, ni 2,700,000. Kilichoongezeka ni 1,200,000, kumi yake 120,000. Ukitoa ya mauzo yote ni 270,000. Sasa kuna wapendwa wanaoamini kabisa kwamba unatoa kwenye mauzo yote maana ni malimbuko, yaani mavuno ya kwanza ni ya Mungu, Mithali 3:9, na siwabishii, wengine wana nafasi hiyo na wanafanya kwa furaha. Ila kama ukitoa 270,000 msimu ujao utakopa mbegu, mi nakushauri toa kwenye faida, na viazi ulivyoacha vya kula nyumbani navyo vihesabu, maana navyo ni mavuno, usijifanye hujaviona.

Mwenye mshahara wewe umepumzika, hesabu ni fupi, wengine wanahesabu kabla ya makato wengine kile kinachoingia benki, chagua moja usibadilishe kila mwezi kufuatana na hali ya mfuko. Wa bodaboda toa kwanza hesabu ya bosi, mafuta na akiba ya matairi, kinachobaki ndo chako.

Na hili naomba mlisikie vizuri: MKOPO SI KIPATO. Mtu anachukua mkopo wa kikoba laki tano, Jumapili anakuja na elfu hamsini ya shukrani. Mpendwa, hiyo hela ni ya wenzako kwenye kikundi na ina riba, tulia, ifanye kazi kwanza, ikizaa faida ndo uje. Vilevile hela ya msiba uliyoshikishwa, hela ya ada aliyotuma ndugu yako wa Tunduma, hiyo si yako hata kidogo.

Kabla sijatoka hapa, kuna swali la ulivyoipata hela yenyewe. Wanunuzi wanaokuja shambani na gunia la lumbesa, limejazwa mpaka limeshonewa kilemba juu, wakati sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, halafu Jumapili wako mstari wa mbele na bahasha nene. Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo. Na vibarua waliokupalilia shamba mwezi wa kwanza ukawaambia "subirini nivune", walipe KWANZA, soma Yakobo 5:4 uone ujira uliozuiliwa unavyopiga kelele. Mimi hela ya kibarua siihesabu kama yangu hata kama bado iko mkononi mwangu.

HATUA YA TATU: AMUENI KIASI, NA MUAMUE WAWILI

Kama mna ndoa kaeni pamoja. Nyumba nyingi baba hajui mama anatoa ngapi na mama anadhani baba hatoi kitu, kumbe wote wanatoa kwa kujificha na ada inakosekana. Baba watoto wangu na mimi tulikubaliana jioni moja umeme umekatika, hakuna tivii, kwa hiyo hakukuwa na pa kukimbilia.

Kumi ni kipimo kizuri cha kuanzia, Abramu alitoa (Mwanzo 14:20), Yakobo akaahidi (Mwanzo 28:22), na makanisa yetu mengi yanafundisha hivyo, wenzetu Wakatoliki wanasema zaka. Ila kama leo unatoa asilimia moja usiruke kwenda kumi kwa sababu umesikia mahubiri makali, anza na tatu uishike miezi mitatu bila kukosa, halafu nne, halafu tano. Nimeona wanaoruka, wanatoa kumi mwezi mmoja na mwezi wa pili hawaji ibadani kabisa kwa aibu. 2 Wakorintho 9:7 inasema "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", sasa hiyo aibu ni nini kama si huzuni? Na wewe ambaye kumi haikuumi hata kidogo, kumi si dari.

Mwenye madeni asiache kutoa kabisa, lakini apunguze, aandike deni lote kwenye ukurasa wake na alilipe kwa mpango. Kumwambia mtu anayekudai "nimetoa kwa Bwana kwanza" wakati watoto wake hawajala, mi naona inakaribia ile Korbani aliyoikemea Yesu kwenye Marko 7, watu waliowanyima wazazi wao kwa kisingizio cha sadaka.

HATUA YA NNE: TENGA SIKU HIYOHIYO

Usingoje Jumapili. Hela ya Jumatano haifiki Jumapili, hiyo ni sayansi. Mi nina mikebe mitatu ya maziwa ya unga, mmoja wa kanisa, mmoja wa wahitaji, mmoja wa ndugu. Jioni nikifunga kigenge nagawa. Wengine wana laini ya pili ya simu ya sadaka tu, ni nzuri kwa sababu haina bando wala mtu anayejua namba yake, ila angalia makato ya kutuma na kutoa, ukituma elfu mbili mbili kila siku mtandao nao unapata sadaka yako, bora ukusanye utume mara moja. Kama usharika wenu una namba ya kulipia kwa simu, jina likitokea lisome kabla hujaweka namba ya siri, mara mbili, na meseji ya muamala usiifute.

Kwa nini mikebe mitatu? Kwa sababu fungu la kumi kwenye Biblia lenyewe halikuwa la hekaluni tu. Kumbukumbu la Torati 14:28-29, mwaka wa tatu lilikaa malangoni kwao likaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wengine watasema kumi yote iende kanisani na wahitaji wapate nje ya hapo, kanisa lako linafundisha hivyo sawa, lifuate. Ila mkebe wa ndugu usiuache, maana huku kwetu ndugu watakuja tu, mpwa ana ada, shangazi anaumwa, kuna msiba Kyela, na kama hujatenga utachomoa kwenye mkebe wa kanisa. Mkebe huo ukiisha unasema kwa upole "mwezi huu imeisha shangazi, mwezi ujao tutaangalia", na ni kweli, wala hujadanganya.

HATUA YA TANO: KIPAZA SAUTI KIKIWASHWA

Hapa nina kovu. Miaka ya nyuma ilikuwa harambee ya bati, mgeni rasmi kaja na msafara, mshereheshaji anajua kazi yake kweli, "nani anasimama na laki tano, nani anasimama na laki tatu", majirani zangu wamesimama, nikajikuta nimesimama. Laki tatu! Mfukoni nilikuwa na nauli. Miezi nane nilikuwa napita njia ya nyuma nisikutane na mhazini, ibada nikawa nakaa karibu na mlango, nikimaliza kula meza ya Bwana natoka. Nilikuja kulipa kwa kuuza mbuzi wawili, na sikufurahi. Ndo maana nilipochaguliwa mimi kuwa mhazini kitu cha kwanza nilikwenda kwa waliokuwa na ahadi za zamani nikawaambia njooni tuongee, wengine hawakuwa wamekanyaga kanisani mwaka mzima kwa sababu ya elfu hamsini.

Kwa hiyo siku ya harambee: kiasi kiamuliwe nyumbani usiku wa kuamkia, kiandikwe, kiwekwe kwenye bahasha, wengine wakisimama wewe kaa. Ukitaka kuahidi, ahidi kitu chenye chanzo, si "Mungu atafungua njia" bali "nikivuna mwezi wa sita nitaleta gunia mbili". Mhubiri 5:5 inasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Na kama umeshaahidi na umekwama, nenda mwenyewe kwa mhazini au baba mchungaji useme, omba kulipa kidogo kidogo. Nakuhakikishia kwa upande wetu wa meza, anayekuja kusema tunamheshimu kuliko anayezima simu.

Anania kwenye Matendo 5 kosa lake halikuwa kubakiza hela, Petro alimwambia wazi shamba lilikuwa lake na hata baada ya kuuza hela ilikuwa chini ya mamlaka yake. Kosa lilikuwa kuigiza kwamba ameleta hela yote.

HATUA YA SITA: TOA KWA MAJIRA YA SHAMBA

Wa mjini wana mwisho wa mwezi, sisi tuna msimu. Mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa tano wa sita mpaka wa nane kutegemea uko wapi, kila mtu ana kitu, sadaka ya mavuno inajaa, mnada baada ya ibada kuku mmoja anauzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha madhabahuni. Raha tupu. Halafu inakuja mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mvua inanyesha, ghala limeisha, mahindi mapya bado mabichi, bei ya debe imepanda, na ndo wakati huo bibi jirani anachemsha majani ya maboga bila ugali. Hakuna mnada mwezi wa pili.

Kwa hiyo ninachofanya, wakati wa kuvuna natenga debe tatu nne, naweka kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi anakosa hewa, nafunga naandika kwa maka peni "SI YETU". Inakaa mpaka mwezi wa pili. Debe la mwezi wa pili lina uzito kuliko gunia la mwezi wa saba, na halikugharimu zaidi. Kama huna ghala, mwachie maskini pembe ya shamba, Walawi 19:9 inakataza kuvuna mpaka kingoni, na Ruthu alikula kwa utaratibu huo. Kwenye viazi ndo rahisi zaidi, ukishachimba usirudie, waache akina mama na watoto wapitie, vile vidogo vinavyobaki ni mboga ya wiki kwao.

Namna ya kumpa mtu: usimwite aje kwako apite njia nzima na debe kichwani watu wanamwona. Mpelekee jioni, ingia, salimia shikamoo bibi, kaa, ongea habari za mguu wake, na ukiondoka acha mzigo mlangoni useme "tulivuna pamoja bibi, hiki chako kilichelewa". Usipige picha. Grupu la WhatsApp la jumuiya limejaa picha za wazee wameshikishwa sabuni na chumvi, inanikera, Mathayo 6:3 iko wazi kuhusu mkono wa kushoto na wa kulia.

HATUA YA SABA: ULIZA HELA INAKWENDA WAPI

Kuuliza si uasi. Paulo kwenye 2 Wakorintho 8 hakukubali kubeba mchango peke yake, alituma watu kadhaa pamoja ili asilaumiwe, na huyo ni Paulo! Usharika unaoeleweka unahesabu sadaka watu zaidi ya mmoja, unaandika, unatoa risiti, unasoma mapato na matumizi mbele ya washarika. Kama kwenu hayasomwi, omba kwa heshima kwenye mkutano, si kwenye kona ya soko.

Wale wa "panda mbegu ya laki upokee milioni", mafuta ya upako ya elfu ishirini, meseji ya namba usiyoijua inayosema nabii kaona jina lako, kimbia. Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Matendo 8, jibu la Petro nendeni mkalisome wenyewe, ni kali. Na ukishatuma hela kwa mtapeli, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako hapohapo, usione haya, kila dakika ina maana.

Watoto je? Zamani nilikuwa nampa binti yangu sarafu ya mia mbili mlangoni mwa kanisa, anaidumbukiza bila kujua imetoka wapi. Sasa ana kuku wake watatu na daftari lake dogo, anauza mayai kwa jirani, pumba ananunua mwenyewe, na mkebe wake umekaa karibu na wangu. Juzi kaja na yai limevunjika mkononi, uso umekunjamana, ananiuliza mama na hili ninalitolea fungu la kumi. Nikamwambia hapana mwanangu, hilo liandike upande wa gharama, halafu leta sufuria tulikaange.